Mtaka Cha Uvunguni

Tangu Arusha ikusanye Landrova kwa mamia Oktoba 2024, zikapita kwa msururu huku watu wamejipanga kando ya barabara na simu mikononi, Kigoma nayo imeingiwa na homa. Landrova zilizokuwa zimelala nyuma ya nyumba huko Mwanga, Gungu na Ujiji, kuku wakitagia kwenye viti vyake, sasa zinavutwa kwa kamba kupelekwa gereji. Wenyewe wanasema wanazirudisha. Ni neno zuri hilo, kurudisha. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye gereji hizi, nikiwa na shahada nyumbani na kucha nyeusi kazini, na nimeshuhudia magari mengi yakirudishwa. Niseme mapema tusipotezeane muda: mengi ya hayo hayajarudi popote. Yamepakwa rangi.

Utaratibu wake unajulikana. Mwenye gari anakuja na picha kwenye simu, mara nyingi ya Landrova ya kijani iliyosimama mbele ya twiga. Anataka kijani kile kile. Bodi inapigwa msasa, mabonde yanazibwa, rangi inapulizwa. Ringi zinapakwa nyeupe, tairi zenye meno makubwa zinafungwa, viti vinavalishwa ngozi ya kuigiza. Mwishoni kabisa kijana mmoja anatambaa chini na kopo la oili chafu, anapuliza chesesi, springi, ekseli na kila anachokifikia mpaka kote kunakuwa kweusi tii. Siku hiyo hiyo jioni gari linapelekwa Kibirizi, linapigwa picha jua likizama upande wa Kongo. Mioyo inamiminika mtandaoni. Hakuna hata mmoja kati ya waliogawa mioyo hiyo aliyeuliza chini kukoje.

Kichekesho ni kwamba karibu bodi yote ya Landrova ya zamani ni ya alumini. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kwa pua kilikuwa kinagawiwa kwa mgao, wakati alumini iliyobaki kwenye viwanda vya ndege ilikuwa ipo. Basi wakakunja alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Unaweza kuikuta Landrova imetelekezwa miaka thelathini chini ya mwembe wa Ujiji, bodi yake ukiifuta tope bado nzima, imebonyea tu hapa na pale. Kinacholiwa ni chesesi, ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, na vyuma vyote vya chini. Kwa hiyo tunachofanya, sisi watu wa homa hii mpya, ni kuchukua fedha nyingi na kuzipaka juu ya kitu ambacho hakikuwa kinaumwa, kisha mgonjwa mwenyewe tunampulizia oili chafu asionekane. Wahenga walishalitaja gari hili kabla halijatengenezwa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nazungumzia springi hasa, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Mtu anadhani springi ni ya kumfanya asirushwe rushwe kwenye makorongo. Ingekuwa hivyo tu nisingepoteza muda wako. Kwenye Landrova za zamani, zile zilizotengenezwa mpaka 1985 kabla springi za koili hazijachukua nafasi yote, springi za mabamba ndizo zinazoshika ekseli. Hakuna mkono mwingine, hakuna fimbo ya kusaidia. Ekseli imefungwa katikati ya springi kwa bolti nne za umbo la U, kila upande mbili. Ncha ya mbele ya springi imefungwa kwenye chesesi, ncha ya nyuma imening'inizwa kwa vipande viwili vya chuma vinavyoiruhusu irefuke na kufupika. Bamba la juu kabisa, lile refu lenye masikio, ndilo linaloamua magurudumu yakae wapi. Likikatika karibu na sikio la mbele, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linaanza kwenda linakotaka lenyewe. Usukani unabaki mkononi mwako kama sahani.

Usiseme haya ni mambo ya makumbusho. Land Cruiser za pikapu zinazobeba wauguzi, saruji na maiti katika mkoa huu mzima bado zina mabamba nyuma. Fuso zina mabamba. Hiace nyingi zina mabamba nyuma. Fundi anayejua kuifungua springi ya Landrova ya 1972 na kuirudisha vizuri anajua jambo litakalomlisha miaka ishirini ijayo.

Halafu kuna chumvi. Wageni kutoka Dar hushangaa wakiona kutu ya huku, wanasema ziwa lenu si la maji baridi, kutu hii inatoka wapi? Inatoka Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi za pale zilikuwa zinachemshwa kwa karne nyingi kabla Burton na Speke hawajafika Ujiji mwaka 1858, na chumvi yake ilisafiri mbali kwa migongo ya watu. Baadaye ikapanda magari. Landrova kuukuu ya Kigoma ambayo haijawahi kubeba magunia ya chumvi ya Uvinza ni ya kutafuta kwa tochi. Chumvi inavuja kwenye gunia, inaingia kwenye nyufa za sakafu, mvua ya Novemba inakuja inaiyeyusha, na maji yale yanadondoka moja kwa moja juu ya springi. Juu yake linakuja tope jekundu la barabara za vijijini, linaganda na kutunza unyevu kama kitambaa cha dawa kwenye kidonda. Maji yanaingia kati ya bamba na bamba na hayatoki. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba, inayaachanisha mabamba, inayakwamisha yasiteleze. Springi iliyotengenezwa ifanye kazi kama mkono wenye viungo vingi inageuka gogo. Na kila kishimo kidogo cha kutu juu ya bamba ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia siku moja.

Ukipuliza oili chafu juu ya hayo, unakuwa umeyafunika tu. Funika kombe, mwanaharamu apite. Ila mwanaharamu hapiti, anapanda nyuma na kukaa juu ya magunia.

Kazi yenyewe nitaieleza, kwa sababu wanaoikwepa hupenda kusema ni ya siku nne bila kusema siku hizo zinaendaje.

Siku ya kwanza ni ya kubembeleza. Unaweka magogo mazito chini ya chesesi, si mawe, na ekseli unaishikilia kwa jeki yake peke yake ili uweze kuishusha na kuipandisha. Unapiga brashi ya waya kwenye kila nati, unalowesha kwa mafuta mepesi, unaacha usiku kucha, unarudi asubuhi unalowesha tena. Shokapu zinatoka bila ugomvi mkubwa. Bolti za U mara nyingi unazikata tu, maana zitafungwa mpya. Bolti ya U iliyokwisha kuvutika haifai kurudishwa, na anayekwambia zinafaa anaokoa fedha zake.

Siku ya pili ni ya matusi. Sikio la springi lina bushi: bomba la chuma ndani, mpira katikati, bomba jingine nje. Bolti inapita kwenye bomba la ndani, na baada ya miaka arobaini bolti na bomba vimekuwa ndugu wa tumbo moja. Unageuza spana, mpira unanesa, bolti haitoki. Unapiga nyundo, mpira unanesa. Hapa ndipo vijana wengi wanapokimbilia moto, na mpira unaungua kwa moshi mweusi ambao hupaswi kuuvuta, na mara nyingi bado bolti haitoki. Mzee aliyenifundisha hakuwa na haraka. Alichukua msumeno wa chuma, akakata bolti pande zote mbili kati ya sikio na chesesi, akiwa amelala chali, unga wa chuma ukimwangukia ndevuni. Bolti moja dakika arobaini. Nilipomwambia tulete grenda akanijibu, "Lete, lakini ukiikata chesesi ya mtu utailipa wewe, mwanangu." Kisha linabaki lile bomba la nje la bushi, limeng'ang'ania kwenye tundu la chesesi. Hilo unalipitishia wembe wa msumeno ndani, unalikata kwa urefu wake kidogo kidogo mpaka linalegea, unaligonga linatoka. Sijawahi kumwona mtu akipiga picha ya hatua hii.

Siku ya tatu springi ipo mezani. Kabla ya kulegeza bolti ya katikati unaibana springi nzima kwa jiliwa au kwa bolti ndefu mbili, kwa sababu mabamba yale yamekunjwa kwa nguvu na yanaachana kwa nguvu. Unayaandika kwa chaki, moja, mbili, tatu, na mshale wa kuonyesha mbele ni wapi. Unayaachia polepole. Ndani yake ndipo unapokutana na gari lenyewe. Kuna tope la barabara ambayo siku hizi ina lami. Kuna chumvi iliyoganda. Mara moja nilikuta punje za mchele zimekauka kati ya bamba la pili na la tatu, na mpaka leo sijui zilifikaje.

Kila bamba linasafishwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Diski ya grenda usiipitishe kwa kukatiza bamba, kwa sababu kila mkwaruzo wa kukatiza ni mwaliko kwa ufa. Likishakuwa safi unalipaka mafuta ya taa, unasubiri, unalifuta likauke, kisha unasugua unga wa chaki juu yake, hasa kuzunguka tundu la katikati na kwenye masikio. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ni kipimo cha wazee wa reli na hakihitaji umeme. Bamba lenye mstari linatupwa. Halichomelewi. Halipelekwi kwa mtu mwingine akaliuzie gari jingine. Linatupwa.

Yaliyobaki yanapakwa rangi ya kuzuia kutu, nyembamba, kisha rangi nyeusi nyembamba. Nasisitiza wembamba kwa sababu mabamba lazima yateleze. Ukiyapaka kama ukuta wa duka, rangi itamenyeka kwa wiki moja na ule unga wake utashika maji. Pale yanapogusana unaweka grisi yenye grafiti, unga ule ule mweusi ulio ndani ya penseli, kidogo tu. Bushi zinawekwa mpya na hazipakwi grisi, kwa sababu grisi ya kawaida hula mpira. Yote haya, na hakuna hata kimoja kitakachoonekana kwenye picha ya Kibirizi.

Sasa niwataje wapinzani wangu, bila majina.

Wa kwanza ni mchomeleaji. Bamba limekatika, yeye analiunga, anasaga uvimbe, anapaka rangi, anakurudishia. Chuma cha springi si nondo. Kimechomwa, kikapozwa ghafla, kikapashwa tena kwa kiasi, ndipo kikapata ule ugumu unaokubali kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea unaharibu hesabu hiyo yote mahali pale na pembeni yake. Weld yenyewe inaweza kubaki nzima. Bamba litakatikia kando yake. Wa pili ni yule anayetumbukiza mabamba kwenye asidi ya betri ili kutu iondoke bila jasho. Kutu inaondoka kweli. Lakini asidi inazalisha haidrojeni inayopenya ndani ya chuma kigumu cha namna ile na kukifanya kiwe kama kioo, na hutajua mpaka siku gari lina mzigo. Wa tatu ni wa kuongeza bamba la Fuso. Springi imelala, yeye anachomeka bamba nene la lori chini yake, gari linasimama wima kama jogoo, mwenyewe anafurahi. Nguvu iliyokuwa inamezwa na springi sasa inakwenda kwenye chesesi, na chesesi hiyo, nimeshasema, ndiyo yenye kutu. Inachanika pale pale springi iliposhikwa.

Hawa watatu wanaishi kwa sababu sisi wateja tunawalipa. Mpaka rangi anatajiwa bei na anailipwa, hata na bakshishi. Anayelala chini anaambiwa, "Fundi, malizia na hizo springi, tutaelewana." Kuelewana maana yake ni soda na nauli ya bodaboda. Halafu tunashangaa vijana wanajifunza kupuliza rangi na hakuna anayetaka kujifunza springi. Kijana si mjinga. Anaona fedha inakokwenda.

Najua jibu. Fedha hakuna. Nalikubali, lakini kwa mtu mmoja tu. Yule mwenye pikapu anayeteremsha mihogo na kahawa kutoka vijijini na kurudi na dagaa, ambaye gari likilala siku nne watoto wake hawali, huyo sina ugomvi naye. Ninapomwona amefunga springi kwa kamba ya mpira ya tairi namwomba Mungu amfikishe na namwambia ukweli kuhusu kamba yake, basi. Ugomvi wangu ni na wewe uliyepata fedha ya kupuliza rangi mara mbili kwa sababu kijani cha kwanza hakikufanana na picha. Wewe fedha unayo. Umeiweka kwenye alumini.

Jibu la pili linaudhi zaidi, na nimelisikia kwa wasomi wenzangu. Wanasema haya mambo ya kufungua gari kuukuu kipande kwa kipande na kulisafisha ni michezo ya wazungu waliostaafu, sisi Waafrika tuna mambo ya maana ya kufanya. Kwanza nikubali kipande chake. Wapo huko duniani watu wanaozitia springi rangi ya kuokwa mpaka zinang'aa kama vyombo vya harusi, gari likitoka gereji linapanda trela kwenda kwenye maonyesho na kurudi, halikanyagi jiwe. Huyo naye anapaka rangi alumini, kwa njia ya gharama zaidi. Simtetei.

Lakini usiniambie kufungua, kusafisha na kufunga upya ni kitu kigeni, ukiwa umesimama Ujiji. Teremka ufukweni pale pale. Mitumbwi ya mbao inavutwa nchi kavu, inalazwa ubavu, mafundi wanakwangua chini, wanatoa pamba iliyooza kwenye maungio na kushindilia mpya. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, kalafati, na lilikuwepo muda mrefu kabla injini haijafika ziwani. Hakuna mvuvi anayepaka jina la mtumbwi kwa rangi nyekundu kabla hajatia kalafati. Angefanya hivyo wenzake wangemcheka, kisha wangekataa kupanda.

Na ukitoka hapo nenda bandarini Kigoma. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa na jina Graf von Götzen, ikafunguliwa yote, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka huku, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Historia hiyo kila mtoto wa Kigoma anaijua na kila mwongoza watalii anaisimulia. Kinachopitiwa haraka ni Julai 1916. Wajerumani wanakimbia, meli inabidi izamishwe isichukuliwe na adui, na mafundi walioambiwa waizamishe wanafanya kitu cha ajabu: kabla ya kuipeleka chini karibu na mdomo wa Malagarasi, wanazipaka injini zake grisi nzito. Adui yuko njiani na wao wanapaka grisi. Hawakuwa na uhakika kwamba wangerudi, na hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikuta injini bado inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia na kujazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa bila barabara ya maana, Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowatoa pale na kuwaleta Kigoma. Watu wale waliokolewa na mambo mengi. Moja ni grisi iliyopakwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuiona, miaka tisini na tisa kabla.

Hatuwezi kuisimulia hadithi hiyo kwa watalii asubuhi, halafu mchana tukapulizia springi oili chafu.

Serikali nayo hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu linaloingizwa nchini, na watu wameelewa kutokana na hilo kwamba kosa la gari ni umri wake. Gari la miaka hamsini lililofunguliwa na kufungwa vizuri ni salama kuliko la miaka kumi na mbili lililopitishwa baharini na kupulizwa. Umri hauvunji springi.

Lami imelifanya jambo hili kuwa baya zaidi, ingawa hakuna anayependa kulisikia. Zamani barabara ya Kasulu ilikuwa inakulazimisha uende polepole. Springi ikikatika unasikia mlio, unasimama, unashuka, unatukana, unatafuta gogo. Sasa kuna lami, na lami ile haijui kama springi yako ni ya 1972. Mjomba wangu alinunua hapa mjini Landrova iliyorudishwa. Muuzaji sitamtaja, yeye anajijua. Ilikuwa nzuri mno. Mimi nilikuwa masomoni, nilitumiwa picha. Mwezi wa pili tangu ainunue alikuwa anateremka kutoka Manyovu na abiria wanne na ndizi, kwenye mteremko wa lami laini, bamba kubwa la nyuma kulia likakatika. Ekseli ikarudi, gari likajipindua kwenye mtaro wa mawe. Hakufa mtu. Mjomba alivunjika nyonga na sasa anatembea kwa mkongojo, na kuswali anaswali amekaa. Walipolivuta gari, fundi aliosha ile springi kwa dizeli, oili chafu ikatoka, na chini yake ukaonekana mshono wa kuchomelea, umesagwa ukasawazishwa vizuri sana. Mtu alikaa chini akatumia saa nzima kuuficha. Alipoulizwa, muuzaji alisema kwa mshangao wa kweli kabisa, "Lakini mzee, si uliiona? Mbona ilikuwa inang'aa!"

Saa hiyo moja ndiyo inayonikera kuliko ufa. Mtu aliyejua kusaga mshono usionekane angeweza kujua kufungua bolti ya katikati.

Kwa hiyo ukija Kigoma kununua Landrova, maana najua utakuja, homa hii haijapoa, njoo na mkeka, tochi, brashi ya waya na nyundo ndogo. Msalimie muuzaji, mwamkie kama ni mkubwa wako, sifia rangi, ni adabu. Kisha tandika mkeka na uingie chini. Kwangua oili chafu kwenye bamba la juu, karibu na masikio na karibu na bolti za U, mpaka uone rangi ya chuma. Gonga. Bamba zima linaitika. Lenye ufa lina sauti ya chungu kilichopasuka. Tazama bushi: kama mpira umechanika kwa kujipinda wakati vyuma vyote ni vipya, basi aliyezifunga alikaza bolti gari likiwa bado juu ya magogo. Zinatakiwa zishikishwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, litikiswe, ndipo zikazwe. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unakazwa umepinda na hautamaliza mwaka. Ukikuta hivyo, jua alikuwa na haraka, na uanze kutafuta mahali pengine alipokuwa na haraka.

Muuzaji atachungulia, atakuuliza mbona unajichafua, shati lako zuri hilo. Endelea kugonga.